Ucheshi na Hadhi ya Usemi katika Michezo ya Televisheni ya Kenya: Mtazamo kutoka Taveta

Utangulizi

Ni nadra kikao cha walimu wa Kiswahili nchini Kenya kumalizika bila ya mtu kuilaumu michezo ya kuchekesha ya televisheni. Lawama yenyewe ni fupi, na imekaririwa kwa miaka mingi: michezo hiyo inaharibu lugha. Mtoto aliyefundishwa darasani kutamka shida hurudi nyumbani jioni akamkuta mzee anayependwa na nchi nzima akitamka sida, na kesho yake anayeigwa ni yule mzee, si mwalimu. Lawama hii imesimama juu ya dhana ambayo wenye kulaumu hawaitaji, kwa kuwa wanaiona ni dhahiri. Dhana hiyo ni kwamba watazamaji hucheka kwa sababu lugha imekosewa.

Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo. Rai yetu ni kwamba katika michezo hii kosa la matamshi aghalabu halizai kicheko. Kazi yake ni kumtambulisha mhusika, kama vile kofia au bakora inavyomtambulisha. Kinachozaa kicheko ni mgongano wa hadhi mbili: hadhi ya mahali panaposemwa jambo na hadhi ya usemi wenyewe. Kwa hadhi ya usemi tunamaanisha kiwango cha heshima, urasmi na ukaribu ambacho msemaji hukichagua kwa maneno yake, kwa namna anavyomwita mwenziwe, na hata kwa wingi au uchache wa habari anazozitoa.

Tumeichagua Taveta kuwa mahali pa kuipimia rai hii kwa sababu ya lugha. Mji huu uko mpakani, ukitazamana na Holili ya Tanzania, na Kiswahili chake si cha jana. Katika karne ya 19 Taveta ilikuwa kituo cha kupumzikia misafara iliyotoka pwani kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai. Joseph Thomson alipita hapa mwaka 1883. Kitaveta, lugha ya wenyeji, mara nyingi huhesabiwa na wageni kuwa ni namna ya Kitaita, kosa ambalo jina la kaunti limelizidisha. Guthrie katika uainishaji wake alikiweka Kitaveta katika kundi la G, jirani na Kipare, na Kidawida akakiweka katika kundi la E. Siku za soko, yaani Jumatano na Jumamosi, mtu aweza kusimama mbele ya mkungu mmoja wa ndizi akasikia Kiswahili cha Nairobi, cha Mombasa, cha Moshi na cha Same, vyote katika robo saa. Hapa basi lafudhi ni nyingi mno kuweza kuwa kituko kwa nafsi yake, na mzaha uliobuniwa Nairobi hufika ukiwa umepungukiwa na baadhi ya nguo zake. Kinachobaki ndicho tunachotaka kukiona.

Michezo yenyewe

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya kuanzia 1964, na mwaka 1989 likarudia jina la KBC. Michezo miwili iliyodumu kuliko yote katika shirika hilo ni Vitimbi na Vioja Mahakamani. Baadaye vituo vya watu binafsi vilileta yao, na iliyotia fora ni Papa Shirandula na Inspekta Mwala, yote miwili katika Citizen. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Huko vichekesho vilikuwa vimekomaa jukwaani, katika maonyesho ya vikundi vya sanaa vilivyovichanganya na ngoma, taarabu na ngonjera, kabla ya kuja vipindi kama Ze Comedy cha EATV.

Hatutaeleza historia zaidi ya hapo. Linalostahili kutajwa ni majina. Kioja ni jambo la ajabu, la kushangaza watu. Mahakama ni mahali ambapo mambo hayatakiwi kuwa ya ajabu hata kidogo. Jina Vioja Mahakamani limekwisha kutamka, kwa maneno mawili, kanuni yote tunayoitafuta. Mwenye kulibuni alijua kazi yake.

Mapokeo ya nadharia

Wanafalsafa wa Ulaya walikieleza kicheko kwa njia tatu mashuhuri. Hobbes, katika karne ya 17, alikiona kuwa ni fahari ya ghafla ya mtu anayejigundua kuwa bora kuliko mwenziwe. Kant, na baada yake Schopenhauer, walikiona kuwa kinatokana na kutopatana kwa kinachotarajiwa na kinachotokea. Freud, mwaka 1905, alikieleza kuwa ni kufunguka kwa nguvu za nafsi zilizokuwa zimezuiwa. Wanaolaumu televisheni wamemfuata Hobbes pasipo kujua: kwao mtazamaji anacheka kwa kuwa yeye anaijua sh na mhusika haijui.

Wanaisimu waliingia uwanjani wakiwa wamechelewa. Raskin, mwaka 1985, alieleza kuwa matini ya kuchekesha ni ile inayoweza kufasiriwa kwa miongozo miwili ya maana inayopingana, na kwamba kuna neno au sentensi inayomhamisha msikilizaji ghafla kutoka mwongozo mmoja hadi wa pili. Kabla yake, Grice alikuwa ameonyesha kwamba mazungumzo huongozwa na kanuni ambazo wasemaji huzifuata bila ya kuambizana: sema kadiri inavyohitajika, sema la kweli, sema linalohusika, sema kwa uwazi. Mchekeshaji ni mtu anayezivunja kanuni hizo huku akiamini kwamba anazitii. Kwa maoni yetu mawazo ya Raskin na Grice yanafaa kuliko yale ya Hobbes, lakini yote mawili yamesahau mahali. Kanuni ya kusema kadiri inavyohitajika haina kipimo mpaka tujue tuko kwa mkwe, kilabuni, au mbele ya hakimu.

Jaribio la mbuzi wa kumi na tatu

Tuchukue mfano. Ni wa kutunga, haukunukuliwa katika kipindi chochote, lakini umejengwa kwa mbao zile zile. Mtu ameshtakiwa kwa kuiba mbuzi. Mbuzi mwenyewe ameletwa mahakamani kuwa ushahidi.

Hakimu: Mshtakiwa, usiku wa tarehe nne ulikuwa mahali gani?
Mshtakiwa: Mheshimiwa, mahari nilikuwa nimemaliza.
Hakimu: Sikuulizi mahari. Nakuuliza mahali.
Mshtakiwa: Ndiyo, mheshimiwa. Mbuzi kumi na mbili. Huyu aliye hapa ni wa kumi na tatu.

Ukimwuliza mtazamaji kwa nini amecheka, atakuambia kwamba mshtakiwa hajui kutofautisha l na r. Jibu hilo lina ukweli kidogo. Wasemaji wa Kikuyu, kwa mfano, hawana tofauti hiyo katika lugha yao ya kwanza, na jozi kama mahali na mahari, au kula na kura, zimekuwa mtaji wa wachekeshaji wa Kenya tangu zamani. Pia kuna kumi na mbili mahali pa kumi na wawili, kosa la upatanisho ambalo mwalimu wa sarufi angelipigia mstari kabla hajacheka.

Sasa tufanye kama tunavyofanya katika fonolojia: tubadilishe kipashio kimoja, vingine tuviache kama vilivyo, tuone kama maana inabadilika. Kwanza tuliondoe kosa. Mshtakiwa anasikia vizuri na anatamka vizuri: "Mheshimiwa, nilikuwa kwa wakwe zangu. Nilikuwa nimepeleka mbuzi kumi na wawili wa mahari. Huyu aliye hapa ni wa kumi na tatu." Mzaha umepungua, lakini haukufa. Mtu bado anajihukumu kwa kinywa chake, na bado anaiambia mahakama jambo ambalo lingeeleweka, na pengine kusifiwa, kama angekuwa amekaa mkekani kwa baba mkwe.

Pili tuliache kosa, tuiondoe mahakama. Marafiki wawili wamekutana njiani. Mmoja anauliza, "Jana ulikuwa mahali gani?" Wa pili anajibu, "Mahari nimemaliza." Wa kwanza anasema, "Si mahari, mahali." Wa pili anasema, "Ndiyo, mbuzi kumi na mbili." Hapa hakuna kitu. Kuna mtu asiyesikia vizuri, na kuna rafiki mwenye subira. Kosa la matamshi liko vile vile kama lilivyokuwa, na kicheko kimetoweka.

Jaribio hili linatuonyesha kazi halisi ya lafudhi. Ni mlango wa kupitia. Mwandishi wa mchezo anahitaji sababu ya kumtoa mshtakiwa katika mazungumzo ya sheria na kumtia katika mazungumzo ya ukwe, na kutosikilizana kwa l na r ni sababu rahisi, iliyo tayari, isiyohitaji maelezo. Mwandishi hodari zaidi angepata mlango mwingine. Lakini nyumba wanayoingia ni ile ile.

Mahakama inafaa mno kwa kazi hii, na hapa inatubidi tukawie kidogo. Kwa mujibu wa sheria za Kenya mahakama za chini huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, ilhali lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Mahakama ya chini basi ndiyo mahali ambapo mwananchi wa kawaida hukutana na dola kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu Katiba ya 2010 ni ya taifa na rasmi pia. Kiswahili cha hakimu ni cha mwandiko hata kinaposemwa kwa mdomo: mshtakiwa anakubali au anakanusha, kesi inaahirishwa, ushahidi unatolewa. Kiswahili cha mshtakiwa ni cha kuishi. Hakimu anauliza swali lenye jibu la neno moja. Mshtakiwa anaona ni utovu wa adabu kumjibu mkubwa kwa neno moja, anaanza tangu siku mvua iliponyesha. Hapo kanuni ya Grice ya kiasi imevunjwa, lakini imevunjwa kwa heshima. Mshtakiwa ana adabu nyingi kuliko mahakama yenyewe, ila ni adabu ya mahali pengine.

Kiswahili kina zana za kisarufi ambazo huurahisisha mgongano huu. Mtu anaweza kushushwa au kukuzwa kwa kubadilishiwa ngeli tu: mzee akawa kizee, nacho kizee kikawa kinasema, kinakohoa, kinaomba maji. Hakuna tusi lililotamkwa, wala hakuna neno ambalo hakimu angeweza kuamuru lifutwe. Shahidi anayesema hivyo mbele ya mahakama amemtoa mwenziwe katika jamii ya watu kwa irabu na konsonanti moja. Jambo hili lastahili makala yake lenyewe, hapa tunalipita.

Majina, soja na mzee

Mbinu ya majina haitatuchelewesha. Miongoni mwa wahusika wa KBC waliokumbukwa ni Masanduku arap Simiti na Tamaa bin Tamaa. Jina la kwanza lina kiungo arap, ambacho kwa Wakalenjin humtaja mtu kwa ukoo wa baba, na la pili lina bin ya Waislamu wa pwani. Viungo hivyo vinaahidi nasaba. Kinachofuata ni saruji, na tamaa iliyozaliwa na tamaa. Hapa hakuna kosa lolote la lugha. Kuna heshima ya nasaba iliyopachikwa pasipo nasaba, na karani anapolisoma jina hilo kwa sauti ya serikali mzaha umekwisha kukamilika kabla mwenye jina hajasimama.

Papa Shirandula, ulioanza mwaka 2007 na ambao mchezaji wake mkuu, Charles Bukeko, alifariki Julai 2020, ni ushahidi ulio wazi kuliko wote. Papa ni soja wa langoni. Mkewe, Wilbroda, anaamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisini. Mhusika huyu ana lafudhi ya Magharibi mwa Kenya, naam, na wapo waliodhani kwamba ndiyo iliyomwezesha kudumu. Lakini hebu tuuangalie mpango wa mchezo. Mtu mmoja ana mahali pawili, lango na nyumba, na kila mahali panamdai usemi wake. Langoni ni lazima aseme ndiyo bosi. Nyumbani ni lazima aseme kama anayeambiwa ndiyo bosi. Mchezo mzima ni hofu ya siku ambayo usemi wa mahali pamoja utaponyoka ukatokea mahali pengine. Mpe Papa Kiswahili cha Mji Mkongwe, Unguja, na hofu ile itabaki pale pale.

Kuhusu Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kuna jambo ambalo wenye kulaumu hawajalipa uzito wake. Benson Wanjau, aliyemwigiza hadi karibu na kifo chake mnamo Julai 2015, hakuwa Mjaluo bali Mkikuyu. Ile sida na ile kasi, s ikishika nafasi ya sh na ya z, hazikuwa athari za lugha yake ya mama bali vazi alilolivaa kazini. Mtu aliyeweza kulivaa vazi hilo kwa ukamilifu kwa miongo kadhaa, pasipo kuteleza akarudia makosa ya kwao, alikuwa na sikio la fonetiki ambalo wengi wetu tulio vyuoni hatuna. Nami naona ni dhahiri kwamba Ojwang' hakuwahi kushindwa kwa sababu ya matamshi. Alishindwa kwa sababu alitaka kuwa mkubwa mbele ya Mama Kayai, mkewe katika mchezo, aliyeigizwa na Mary Khavere, na Mama Kayai hakuwa mtu wa kukubali ukubwa wa bure.

Yapo ya kukiri. Katika vichekesho vya mtu mmoja jukwaani, kama vile vya Churchill Show, lafudhi peke yake huweza kuleta kicheko, hata kabla ya sentensi kwisha. Hatudhani kwamba hilo linaivunja rai yetu. Mchekeshaji wa jukwaani hana mahakama wala nyumba. Ana ukumbi tu, na ukumbi umejaa watu waliokuja kusikia makabila yao yakitajwa. Lakini ni lazima tukubali kwamba hapo kosa linafanya kazi kubwa kuliko ya mlango.

Mfano mwingine ambao hutolewa dhidi yetu ni mchezo wa Kiingereza Mind Your Language, wa kuanzia 1977, ambao ulionekana sana Kenya. Humo wageni kutoka mataifa mbalimbali wanajifunza Kiingereza darasani jijini London, na mzaha wote ni makosa yao. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwahi kuusifu mbele ya wenzangu wenyeji, wakatazama chini. Mchezo ule ulikuwa umesimamishwa mwaka 1979 na mkuu mmoja wa vipindi aliyeona kuwa unawadhihaki watu kwa asili yao. Lakini mahali pake ni wapi? Ni darasa la lugha, mahali pekee duniani ambapo hadhi yote imewekwa juu ya usahihi wa sentensi. Kosa la lugha pale linagongana na mahali, kama vile mbuzi wa kumi na tatu anavyogongana na mahakama. Pengine ndiyo sababu walimu wetu wanausikia uchungu wa lafudhi za televisheni kuliko watu wengine: wamelibeba darasa hadi sebuleni.

Kicheko cha mkahawani

Kuketi mkahawani mara chache hakuitwi utafiti, nami siuiti hivyo. Lakini mara kadhaa nimetazama michezo ya mahakama katika mkahawa mmoja ulio karibu na soko la Taveta, nikiwa nimeipa televisheni kisogo na kuwatazama watazamaji. Walikuwepo wauza ndizi, vijana wa bodaboda, na kila Jumamosi wageni waliovuka kutoka Holili na Himo. Mshtakiwa alipofungua kinywa kwa lafudhi nzito, waliotabasamu walikuwa wale waliowahi kuishi Nairobi au Mombasa. Wageni wa ng'ambo ya mpaka waliendelea kunywa chai. Kwao ilikuwa ni Kiswahili cha Kenya tu, na Kiswahili cha Kenya wamekizoea. Mshtakiwa alipoanza kujibizana na hakimu kama anayejibizana na jirani juu ya ua, mkahawa wote ulicheka kwa pamoja, mwenye mkahawa akiwemo, ambaye alikuwa jikoni na hakuona picha.

Mpaka una vichekesho vyake ambavyo mwandishi wa Nairobi hajavigusa ipasavyo. Katika mazungumzo ya kila siku ya Wakenya wengi, bibi ni mke. Kwa Mtanzania bibi ni mama wa mzazi wake, na nyanya ni tunda la kuungia mchuzi, ilhali Mkenya humwita mama wa mzazi wake nyanya bila ya kumfikiria mchuzi. Mkenya anayemweleza mteja wake wa Himo kwamba amechelewa sokoni kwa kuwa bibi yake amejifungua mapacha usiku, amesema Kiswahili ambacho hakuna mtu wa mtaani kwake angekisahihisha. Mteja naye, kwa heshima, hatauliza bibi ana miaka mingapi. Atauliza kama hali yake ni nzuri. Hakuna lafudhi hapo. Kuna miongozo miwili ya maana kama alivyosema Raskin, na kuna adabu inayowazuia wote wawili wasiigundue.

Tofauti ya kuomba ni kali zaidi. Mtanzania husema naomba soda. Mkenya husema nipe soda, au leta soda, na hana nia mbaya. Mkenya anayesikia naomba kwa mara ya kwanza hudhani kuwa huyu hana fedha. Mtanzania anayesikia leta hudhani kuwa amegombwa. Wenyeji wa Taveta huzijua njia zote mbili na hubadilisha kwa kumtazama mtu usoni. Nimewahi kumsikia mama muuzaji akimwambia mteja wa Kenya "leta mia" na, pasipo kuvuta pumzi, akamwambia wa Tanzania "naomba mia yangu, baba". Bei ilikuwa ile ile.

Utani usiojibiwa

Waafrika wa sehemu hizi hawakungoja televisheni ili wachekane kwa kabila. Utani ni desturi ya kale, na wanaanthropolojia, Radcliffe-Brown akiwa miongoni mwa wa mwanzo mnamo 1940, waliieleza kuwa ni ruhusa ya kutoheshimiana iliyotolewa kwa masharti. Majirani zetu Wapare na Wachaga hutaniana hadi leo. Mpare husemwa kwamba atauza ng'ombe agharimie kesi ya kuku, na ukimwambia hivyo Mpare atakujibu papo hapo kuhusu Mchaga na fedha. Sharti la utani ni hilo la kujibu. Anayetaniwa ana zamu yake.

Televisheni iliuchukua utani ikaiacha zamu. Mtazamaji hawezi kuijibu, na watu wa makabila madogo hawana hata wa kuwajibia. Tangu Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, kuchochea chuki ya kikabila ni kosa la jinai nchini Kenya. Lakini hakuna sheria inayoweza kugawa zamu. Mtu wa Taveta hachekwi katika televisheni ya Nairobi kwa sababu hajulikani. Hakuna lafudhi ya Kitaveta katika sanduku la mavazi ya waigizaji, na anayetoka huku huigizwa, kama akiigizwa, kuwa Mpwani tu, mwenye kanzu na uvivu. Sijui kama tusherehekee au tununike. Wapo wazee hapa wanaosema kwamba kuchekwa kwa jina lako ni bora kuliko kuchekwa kwa jina la mwingine, nami siwezi kuwapinga kwa nadharia yoyote niliyoitaja hapo juu.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni yale yanayotokea lafudhi inapotoka mchezoni ikaingia mtaani bila ya mahali pake, bila ya hakimu na bila ya mbuzi. Hapo kofia inabaki kofia, na anayevalishwa hakuiomba. Katika shule moja ya msingi ya sehemu hizi alihamia mvulana kutoka Magharibi mwa nchi. Siku ya kwanza, kabla hajatenda lolote zaidi ya kutaja jina lake, darasa lilimbandika jina la Shirandula, na kwa wiki kadhaa kila alipojibu swali walirudia maneno yake kwa kuyakuza. Mwalimu wa Kiswahili aliwakemea kwa njia ya kawaida: aliwaambia kwamba lafudhi ile si Kiswahili sanifu. Yaani alikubaliana nao.

Asubuhi moja darasa lilikuwa na kelele, mwalimu akaingia akauliza kwa ukali ni nani aliyeanza. Mvulana yule akasimama, akaweka mikono nyuma, akasema: "Mheshimiwa mwalimu, mshtakiwa wa kwanza anaitwa Shirandula. Mshtakiwa wa pili ni hawa waliompa jina. Tunaomba kesi iahirishwe mpaka baada ya uji." Mwalimu aliyenisimulia kisa hiki anasema kwamba j ya neno uji, kwa matamshi ya mvulana yule, ilikuwa imekaribia sana ch, na neno lililotoka halikufaa kutamkwa darasani. Hakuna mtoto hata mmoja aliyelisikia. Walikuwa wanaicheka kesi, na mwalimu mwenyewe ilimbidi ageukie ubao.